Jongoo wa mawe wa Changamwe: tulivyomtambua akiwa bado na tope lake

Shemeji yangu ni fundi wa mashimo. Hasa hasa mashimo ya vyoo, yani Jumatatu ukimtafuta yuko chini futi 4, Alhamisi yuko futi 10, na ule upande wa Changamwe kuelekea Miritini, hapa Mombasa, anaujua udongo wake kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sasa siku moja saa nne usiku akanitumia picha, chini yake ameandika, "Shem, hebu nambie hiki ni kitu gani, vijana wanasema jongoo aligeuka jiwe."

Picha yenyewe ilikuwa balaa. Flashi imepiga usoni, donge la kijivu limejaa tope, mistari mistari inazunguka, hakuna kipimo, hujui ni kubwa kama sinia au ndogo kama kifungo cha shati. Mimi nikiwa nusu usingizi nikamjibu, "Hiyo kutu tu shem, tupa." Nikazima simu nikalala.

Nilikosea, na kosa langu lilikuwa na sababu. Jiwe la huko chini wataalamu huliita sheli, si ile sheli ya kuweka mafuta, ni tope la bahari lililoshindiliwa miaka na miaka mpaka likawa tabaka tabaka, likiwa kavu unalibandua kwa kucha kama unavyobandua chapati iliyokunjwa vizuri na mafuta. Ndani ya sheli mna madonge magumu ya mviringo, na chuma kikiingia kwenye donge, likiloa na kukauka mara elfu, kinachora pete za hudhurungi moja ndani ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa. Watu wananiletea hizo pete kila siku wakidhani ni konokono wa zamani. Nishazichoka, na ndio maana mdomo ulinitangulia.

Asubuhi akanitumia sauti. "Shem, mbona hii kutu yako inaingia ndani?" Kumbe alichukua uzi wa kupimia ukuta akaulaza juu ya mstari, akaufuata kutoka ukingoni, akazunguka, akazunguka tena, uzi ukaishia katikati. Hapo nikakaa kitako kitandani. Manake pete ukizifuata unarudi ulipoanzia, lakini kitu kilichojikunja ukikifuata unazama ndani mpaka unafika kitovuni. Chuma hakichori hivyo. Hicho ni kitu kilichokua, kilianza kidogo katikati kikaongezeka kwenda nje, yani kisukuku, mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Fundi wa choo kwa uzi wake alikuwa amenizidi mimi na vitabu vyangu.

Nikampigia hapo hapo nikamwambia usioshe, usigonge, usiguse. Akanyamaza kidogo. "Hiki sijaosha," akasema, "ila kile cha pili vijana walikiweka kwenye karai la maji jana."

Kile cha pili lilikuwa donge laini zaidi, lina nusu ya kitu chenye mbavu mbavu kama hicho cha kwanza. Wamelilaza kwenye maji usiku kucha, asubuhi kwenye karai mna uji mzito wa kijivu. Basi. Udongo wa sheli unafyonza maji, unavimba, tabaka zinaachana, na kilichokuwa kimeshikiliwa na hizo tabaka kinaondoka nazo. Sisi huku tunasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na kwenye mambo ya visukuku kinyume chake ndio sawa: jongoo unayemtaka mweke pamoja na mti wake, usimtenganishe mpaka ujue umeshika nini.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Shimo lilikuwa limefika futi 9, mwenye nyumba, mama mtu mzima, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akituangalia kwa jicho la mtu anayelipa kwa siku. Futi mbili za juu ni udongo mwekundu wa kawaida, alafu unaanza udongo wa manjano manjano unaovunjika, ndani yake vinang'aa vipande kama vioo, hiyo ni jasi, alafu kuanzia futi 6 hivi kwenda chini sheli yenyewe ya kijivu iliyoiva. Shemeji akanionyesha kwa koleo pale donge lilipotoka, futi 8 na nusu, ukuta wa upande wa baharini. Hayo nikayaandika kwanza kabla hata sijaliangalia jiwe. Watu huwa wanacheka nikifanya hivyo, ila kisukuku bila pahala kilipotoka ni pambo la kabatini tu.

Kwenye karai sasa. Nikatia mkono kwenye ule uji, nikapapasa papasa, nikatoka na kitu kigumu: urefu wa kidole cha kati, rangi ya asali iliyoungua, upande mmoja kimechongoka, upande wa pili kina shimo la kama pia. Vijana wakasema hiyo risasi ya Wareno. Nikawageuzia pale kilipovunjika wakaona mistari inatoka katikati kwenda nje pande zote kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Risasi haivunjiki hivyo. Hiyo ni belemnaiti, kile kigumu cha ndani ya mnyama jamaa yake ngisi na dome, na kwa vile ni kalsaiti tupu, madini ya chokaa, iliyoshikana, maji ya karai hayakuifanya kitu.

Hicho kirisasi kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Belemnaiti ni wanyama wa baharini, na ni wa enzi za dinosaria, walikwisha pamoja nao miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo kabla sijamgusa jongoo mkubwa nishajua mambo mawili, hapa palikuwa bahari na hii bahari si ya juzi. Hii si habari ndogo kwa mtu wa Mombasa manake sisi tumezoea mawe ya matumbawe, yale yaliyojengea Fort Jesus na majumba ya Mji wa Kale, na hayo matumbawe ni watoto, umri wake ni miaka laki moja na kitu. Ukivuka Makupa kutoka kisiwani ukaanza kupanda Changamwe unakanyaga tope la bahari ya Jurasiki ya mwisho, kipindi kimoja cha hizo enzi za dinosaria, miaka milioni 150 hivi. Miritini sheli ni ya zamani zaidi ya hiyo, na ukifika Mazeras ni jiwe la mchanga lenye magogo ya miti yaliyogeuka mawe, zamani zaidi bado. Yani matatu ya Mazeras kwa nauli ile ile inakurudisha nyuma mamilioni ya miaka, na makanga hakudai cha ziada.

Haya, jongoo mwenyewe. Nikamtoa kivulini, nikasubiri jua lishuke, manake jua la kichwani linafuta kila kitu. Saa kumi na moja mwanga ukaja kwa ubavu, kila mbavu ikatupa kivuli chake na ghafla kile kitu kikasimama chenyewe. Hiyo ndio tofauti yote ya picha ya kwanza na ya pili, jiwe ni lile lile. Kama huna jua tumia tochi ya simu ya mtu mwengine, ilaze karibu na meza, piga na simu yako, na weka shilingi 20 pembeni watu wajue ukubwa.

Upana wake unaoonekana sentimita 11, unene kama 3, theluthi moja bado imezama kwenye donge. Katikati pamejaa tope gumu. Ukingo mmoja umevunjika, si na koleo, ni mpasuko wa zamani, una kutu ndani yake. Nilichofanya ni kuchukua mswaki laini mkavu nikapangusa sehemu ya upana wa vidole viwili, basi, hapo nikaacha. Kwenye intaneti ukitafuta picha za visukuku vilivyojikunja hivi utaona vimekatwa katikati vimeng'arishwa kama vigae, nyingi zikiwa zimetoka Madagaska, na watu wakishaona hizo wanadhani kisichong'aa hakitambuliki. Kinatambulika, ila unasoma pale kinapokuruhusu: kwenye mpasuko, pale ganda lilipobanduka, na kwenye ukingo wa nje.

Swali la kwanza, ni kome, yani konokono wa baharini? Manake kome pia amejikunja. Lakini kome anapanda kama ngazi ya mnara, ana upande wa juu na upande wa chini, na huyu kwenye mpasuko alionyesha kushoto na kulia sawa sawa, kama mtu amekunja kamba ya jahazi akailaza sakafuni. Tena kome ni chumba kimoja kutoka mdomoni mpaka nchani, hana kuta ndani. Mpasuko wetu ulikuwa na vyumba vitatu wazi kabisa, viwili vimejaa kalsaiti nyeupe inayometa, cha tatu kimejaa tope. Nikaweka tone la ndimu kwenye ile nyeupe, kwa nyuma pasipo na umuhimu, ikatoa povu dogo dogo. Chokaa. Kome akatoka kwenye orodha.

Wa pili nautilasi, jamaa wa ngisi mwenye ganda lililojikunja, ambaye bado yuko hai mpaka leo kwenye vilindi vya bahari ya Hindi na Pasifiki, na yeye ana vyumba. Hapa unatafuta mrija. Hawa wanyama waliishi kwenye chumba cha mwisho tu, vile vya nyuma vilikuwa vya kuelea, na mrija mwembamba ulipita kwenye kuta zote kurekebisha maji na hewa. Nautilasi mrija wake unapita katikati ya kuta. Amonaiti, jamaa yake mwengine mwenye ganda la kujikunja, ambaye alikwisha zamani, mrija wake umeegemea ukingo wa nje kabisa. Nikachukua lenzi, nikapangusa ukuta wa chumba cha pili, katikati hamna kitu, nikasogea nje, nikasogea tena, na pale pale chini ya ganda kikaonekana kiduara cha unene wa kijiti cha kiberiti. Nilimuita shemeji aje aone. Akatazama akasema, "Kama paipu ya dreneji imepitishwa ukutani." Sina maelezo bora kuliko hayo.

Ushahidi wa pili ulikuwa pale ganda lilipobanduka, pahala pa ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kuta za ndani zinapokutana na ganda zinaacha mstari wa mshono. Kwa nautilasi mshono huo ni wimbi laini tu. Wa huyu ulikuwa umekatika katika, una meno na meno yana meno mengine, kama ukingo wa jani la mkilifi ukilitazama kwa karibu. Hapo hakuna ubishi tena, ni amonaiti.

Sasa ni amonaiti gani, na hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Nilianza na ukingo wa nje: mviringo, hauna mkuku. Kuna amonaiti nyingine zina mkuku kabisa kama chombo, ukipitisha kidole unausikia, huyu hana, mbavu zinavuka ukingo kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kukatika. Alafu mizunguko ya ndani inaonekana, haikumezwa na ya nje. Alafu mbavu zenyewe. Zinaanza moja moja karibu na kitovu, zinapanda nyembamba zimesimama, zikikaribia ukingo kila moja inagawanyika mbili, panda ya manati hasa. Kwenye robo ya mzunguko nilihesabu mbavu 14 upande wa ndani na 28 upande wa nje, nikahesabu mara tatu kwa sababu mara ya pili nilipata 27 na ikanisumbua. Na pahala pamoja pana mfereji wa kina kuliko mingine, kama amefungwa mkanda akaendelea kukua.

Mizunguko wazi, mbavu za panda, hana mkuku, ana mkanda, anatoka kwenye sheli ya Jurasiki ya mwisho ya Mombasa. Hiyo yote inampeleka kwenye familia ya Perisphinctidae. Na si ajabu hata kidogo, amonaiti za Mombasa zinajulikana tangu miaka ya 1870 pale Hildebrandt, Mjerumani mkusanyaji wa mimea na vitu, alipozipeleka Berlin na mwanajiolojia Beyrich akaziandikia. Mwaka 1930 L. F. Spath, mtaalamu wa visukuku, akachapisha uchambuzi mrefu wa amonaiti na belemnaiti alizokusanya Miss McKinnon Wood kwenye hii pwani yetu. Spath huyo huyo ndiye aliyekuwa anachambua amonaiti za Kachchh kule India, na zinafanana na zetu, kwa sababu bahari ilikuwa ile ile: bara kubwa la kusini limeanza kupasuka, Madagaska bado iko karibu na huku, India iko ng'ambo ya mkono mwembamba wa maji. Huwa nawatania majirani zangu Wakachi, wenye asili ya huko Kachchh, nyinyi mnadhani mlikuja Mombasa kwa jahazi, jongoo zenu zilitangulia.

Nikaishia hapo, kwenye familia. Kuna mwalimu mmoja nilimuonyesha picha akanipa jina kamili, la kwanza na la pili, kwa sekunde kumi. Sikuliandika. Hii familia ni maarufu kwa kufanana, kutenganisha moja na nyingine unahitaji kuona mizunguko ya katikati kabisa, na ya kwetu imejaa tope, unahitaji kuona mdomo, na wetu umebaki ukutani au ulishaliwa na koleo. Tena mbavu zinabadilika mnyama akikua. Tena majike yalikuwa makubwa na madume madogo yenye masikio mdomoni, na wataalamu wa zamani waliwapa mke na mume majina mawili tofauti kama watu wasiojuana. Ukiwa na kipande kama chetu, kutoa jina kamili ni kupiga ramli. Kwenye karatasi nikaandika amonaiti, Perisphinctidae, sheli ya Changamwe, futi 8 na nusu, tarehe, nikatia na belemnaiti kwenye mfuko wake na karatasi yake.

Na yule aliyesema jongoo sikumcheka. Whitby kule Uingereza waliziita nyoka waliogeuzwa mawe na mtakatifu, wakawa wanazichonga vichwa wawauzie wageni. Na saligramu ambazo Wahindu wanaziheshimu, zile nyeusi za mto Gandaki kule Nepal, ni amonaiti ndani ya madonge ya sheli nyeusi ya Jurasiki. Kila mtu humpa jina la mnyama aliyemzoea, na kwa kweli kwa pale shimoni jongoo ndilo jina la karibu zaidi.

Kusafisha? Mpaka leo hakijasafishwa. Vijana walipendekeza asidi ya betri, nikawaambia asidi inakula chokaa, na huyu mnyama ni chokaa, mtabaki na donge safi lisilo na mtu ndani. Patasi na nyundo, hapana, mpasuko unafuata njia yake na si yako. Kazi ya kweli inafanywa na kalamu ya upepo, yani kisindano kinachoendeshwa na hewa, chini ya lenzi, masaa na masaa, na gundi ya maabara inayoyeyuka kwa asetoni ili ukikosea uirudishe. Mimi sina hiyo kalamu. Nilichofanya ni kumuacha akauke taratibu kivulini siku nne, si juani, nikamfunga kwa karatasi ya choo (ndio, najua) na kumtia kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na kwenye sheli kama hii mara nyingi mna pairaiti, ile dhahabu ya uongo, ikipata unyevu inageuka unga mweupe wa manjano wenye harufu ya kiberiti na inatoa asidi yake yenyewe. Kisukuku kinaweza kukaa chini miaka milioni 150 kikaja kufa kwenye kabati la sebuleni kwa miaka 5.

Habari ikatembea mtaani, akaja dalali na shilingi 3,000 mkononi, ati ana Mzungu wa hoteli. Shemeji akanitazama. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 iko wazi: ukivumbua kitu kama hiki unatoa taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7 na kuonyesha ni wapi hasa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kesi. Nikamwambia dalali hivyo hivyo, akasema hata yeye alikuwa anauliza tu. Siku ya 6 tukashuka na kopo letu mjini, karatasi ya futi 8 na nusu juu yake.

Juzi shemeji kanitumia picha nyengine. Mwanga wa ubavu, shilingi 20 pembeni, uzi umelazwa juu umeishia katikati. Jongoo mdogo, kama kifuniko cha soda, futi 11, ukuta ule ule wa upande wa baharini. Chini ameandika, "Huyu sijapangusa hata kidogo. Ila mama anasema Ijumaa tofali zinapangwa, jongoo awepo asiwepo, yeye anataka choo chake."